Jibu langu limekubali nukta moja, mbona kitabu kinalikataa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimepewa nukta (−2, 5) na (4, −7) nitafute mlinganyo wa mstari mnyoofu unaopita hapo. Nimepata y = −6x − 7. Nikiweka x = −2 napata 5 sawasawa, ila kitabu kinasema y = −2x + 1. Nani kakosea? Halafu, nikianza na nukta ya pili, mteremko utabadilika?

JIBU: Marahaba. Kitabu kiko sahihi, na ulipoteleza napaona. Mteremko ni badiliko la y ukigawanya kwa badiliko la x. Juu umepatia: −7 − 5 = −12. Chini ulitakiwa upate 4 − (−2), yaani 6. Wewe umefanya 4 − 2 ukapata 2, ndiyo maana mteremko ukawa −6 badala ya −2. Nakusihi, namba hasi itie kwenye mabano kwanza ndipo uitoe.

Sasa, mbona −2 ilikubali? Kwa sababu nukta hiyo ndiyo uliyoitumia kutafuta c, yaani ile namba isiyo na x mwishoni mwa mlinganyo (kwako −7). Hata mteremko wako ungekuwa 100, nukta hiyo ingekubali tu, maana c umeitafuta ili ikubali. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika wakadhani wamehakiki. Hakiki kwa nukta ile nyingine. Weka x = 4 kwenye jibu lako: −24 − 7 = −31, na ilitakiwa −7. Kwenye la kitabu: −8 + 1 = −7.

Anza na nukta yoyote, mradi juu na chini ufuate mpangilio uleule. Ukigeuza unapata 12 juu na −6 chini. Mteremko ni −2 vilevile. Ukichanganya mpangilio, mstari unaoshuka utakutokea unapanda.

Mimi binafsi napenda zaidi njia isiyo na kugawanya:

(y − y₁)(x₂ − x₁) = (y₂ − y₁)(x − x₁)

Hapo (x₁, y₁) ni nukta ya kwanza na (x₂, y₂) ni ya pili. Uzuri wake utauona siku ukipewa (3, 1) na (3, 8). Ukitafuta mteremko unakwama, kwani chini kuna sifuri. Kwa njia hii unapata (y − 1) × 0 = 7(x − 3), basi x = 3, mstari wa wima. Na nukta zako zinatoa 6(y − 5) = −12(x + 2). Gawa pande zote kwa 6, fungua mabano, utafika palepale kilipofika kitabu.