Damu kwenye nepi, na ile chai yangu ya maziwa

Mwanangu alikuwa na wiki sita. Nabadilisha nepi alfajiri, naona kinyesi kina makamasi, na ndani yake vijiuzi vya damu, vyembamba kama uzi wa kushonea. Mashavu yamepasuka kwa ukurutu. Usiku analia mpaka sauti inakauka. Majirani wakasema ni chango. Mama mkwe, kwa huruma kabisa, akanishauri nimwachishe ziwa nimpe maziwa ya mbuzi.

Daktari wa watoto alipomaliza kumpima mtoto akanigeukia mimi: unakula nini, mama? Nyumba yetu ya Tanga haikosi maziwa. Chai ya maziwa asubuhi, uji wa maziwa mchana, mtindi jioni, maana mzazi lazima ale. Kumbe protini za maziwa ya ng'ombe zilikuwa zinapita kwangu na kumfikia mtoto anaponyonya, na mwili wake unazikataa. Huo ndio mzio.

Mama mwenzangu, usikimbilie kumwachisha. Acha wewe maziwa, kwa wiki mbili hadi nne, kisha uyarudishe kwa makusudi uone. Wengi tunaogopa hapo pa kurudisha, lakini ndipo penye uhakika. Mwanangu alitulia ndani ya siku kumi. Nilipokunywa chai tena, siku ya tatu damu ilirudi.

Ya mbuzi nayo hayasaidii: protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Maziwa ya kopo ya kawaida pia hutokana na ya ng'ombe. Kama hunyonyeshi, yapo maalumu ambayo protini zake zimekatwakatwa. Ni ghali, na daktari ndiye wa kukuchagulia. Soma maandishi ya pakiti za mkate, biskuti na siagi ya mimea, unga wa maziwa huweza kujificha humo. Mimi nilihamia kwenye tui la nazi, dagaa, mchicha na ufuta, pamoja na vidonge vya kalsiamu nilivyoandikiwa.

Ila mtoto akivimba midomo, akitokwa na vipele ghafla, akipumua kwa shida au akilegea, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa ana mwaka na miezi minne. Daktari ameturuhusu tuanze na kipande kidogo cha biskuti iliyookwa na maziwa, na ngozi bado ni safi. Uji wake ni wa tui, na nazi anaikuna mama mkwe mwenyewe.