Nimepandishwa cheo tena, mbona sina raha?

"Tantine, nina miaka 32, ni mhasibu katika kompanyi ya migodi hapa Lubumbashi. Kila nikipanda cheo nafurahi wiki mbili, kisha naanza kutafuta kingine. Sasa naitwa niende mji wa Kolwezi kuwa mkuu wa idara. Mama anasema tamaa imenizidi, niolewe nitulie. Baba alitoka Gécamines, kompanyi ya migodi ya serikali, mwaka 2003, nikakaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa minervali, ada ya shule. Jumamosi nawasaidia akina mama wa soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, kuandika daftari la likelemba, mchango wa kupokezana, na huko ndiko ninakocheka. Je, nina ugonjwa wa tamaa?"
Msomaji, Bel-Air

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu liligota kwenye 2003. Mwaka ule wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa kiasi cha pesa waende zao, "départ volontaire," yaani kuondoka kwa hiari, ingawa hiari yenyewe sikuiona. Wazee waliozoea kusema "kazi njo baba, kazi njo mama" (kazi ndiyo baba, ndiyo mama) wakabaki mayatima na mvi zao. Wewe ulikuwa na miaka kumi, ukiwatazama wenzako wakipita na mikoba.

Kwa hiyo mama yako anaiita tamaa, mimi naona hofu. Yule mtoto bado anapiga hesabu. Ukimpa cheo anatulia wiki mbili, halafu anauliza: na hiki kikikatika?

Mjibu kwa namba, maana wewe ni mhasibu. Kaa chini, andika matumizi yako ya mwezi pamoja na ya wadogo zako na ya baba. Kisha andika ni miezi mingapi ya akiba ingekufanya ulale bila kuamka usiku. Sita? Kumi na miwili? Ukikuta akiba hiyo tayari unayo (wengi wenu mnayo na hamjui), basi Kolwezi haiwezi tena kukuita kwa sauti ya njaa. Ikuite kwa sababu nyingine, au usiende.

Sababu nyingine yaweza kuwepo. Sikuambii uache kazi ukafungue ofisi ya likelemba. Kitu kinachokuchekesha ukikigeuza biashara, mara nyingi kinaacha kuchekesha. Lakini jiulize unachokipenda pale sokoni. Nadhani ni kumwona mwenye pesa usoni anapoelewa hesabu yake. Kazini unaziona tarakimu tu. Basi muulize mkuu wako wazi: huko Kolwezi nitafundisha vijana wahasibu, au nitapewa meza kubwa zaidi na ripoti ndefu zaidi? Mtake akuandikie majukumu kabla hujasaini.

Kuhusu ndoa nitasema kidogo, kwani hukuandika kama yupo mtu. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 ilimtaka mke aombe ruhusa ya mume hata kwa mkataba wa kazi; ilirekebishwa 2016, siku hizi ni kupatana. Atakayekuja akute mtu wa kupatana naye. Mama mheshimu, mpelekee kitenge, ila usiolewe ili utulie. Nimeolewa miaka 34, utulivu wenyewe bado nautafuta.

Kolwezi ni kama kilomita 300, Jumamosi za daftari zitakatika. Ukiamua kwenda, anza leo kumfundisha mmoja wa wale mama akushikie kalamu.

Tantine wako