Maswali ya Wasomaji: Dirisha Lililozibwa Kwenye Jumba la Kiingereza

SWALI: Katika majumba ya kale ya mashambani Uingereza, kila tukifika kwenye dirisha lililojengewa matofali, mtembezaji husema lilizibwa kukwepa kodi ya madirisha. Ni kweli?

JIBU: Kodi ilikuwepo, tangu 1696 hadi 1851. Ila kwa majumba makubwa maelezo hayo mara nyingi hayasimami, na hesabu yenyewe inayakataa. Kwa viwango vya 1747, nyumba yenye madirisha 10 hadi 14 ililipiwa peni 6 kwa kila dirisha. 15 hadi 19, peni 9. 20 na kuendelea, shilingi 1. Shilingi ilikuwa peni 12. Mwenye madirisha 15 alidaiwa shilingi 11 na peni 3. Akiziba moja tu, deni linashuka hadi shilingi 7. Huyo alikuwa na sababu ya kumwita fundi. Bwana mwenye madirisha 60 akiziba matatu aliokoa shilingi 3 kwa mwaka. Hazikumnyima usingizi.

Kilichomsumbua yeye ni ulinganifu. Katika karne ya 18 uso wa jumba ulitakiwa ufanane kulia na kushoto, dirisha kwa dirisha. Ndani, hata hivyo, kuna dohani na kuta za kugawa vyumba, na baadhi huangukia pale pale dirisha linapotakiwa. Basi fundi aliacha ubapa ulioingia ndani kidogo, wenye umbo la dirisha, akaujenga kwa tofali tangu siku ya kwanza. Wengine waliupaka rangi nyeusi na kuchora fito nyeupe, ukitazama kwa mbali unadhani ni kioo.

Ukitaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili, anza kwa kuinua macho. Dohani ikiwa imesimama juu ya paa sambamba na dirisha hilo, yaelekea njia ya moshi inapita nyuma yake, na hapo hapajawahi kuwa na kioo. Kisha sogelea ukuta. Dirisha lililozibwa baadaye huwa na mstari wima ulionyooka pande zote mbili, matofali ya rangi au kimo tofauti, na kozi, yaani safu za matofali, zisizokutana na za ukuta wa jirani. La uongo tangu mwanzo lina tofali na chokaa ileile ya ukuta mzima. Ukiruhusiwa kuingia, tazama upande wa pili: mbao za kufungia dirisha au kibaraza cha kukalia vikiwa bado vipo, yaelekea mwanga uliwahi kuingia hapo.

SWALI: Kwa nini madirisha ya Hardwick Hall yanazidi kuwa marefu kadiri ghorofa zinavyopanda?

JIBU: Kwa sababu heshima ilikuwa juu. Jumba hilo la Derbyshire lilijengwa kati ya 1590 na 1597 kwa ajili ya Bess wa Hardwick, mwanamke tajiri, na usanifu wake unahusishwa na Robert Smythson. Watumishi walikuwa chini, familia katikati, vyumba vya kupokelea wakubwa juu kabisa. Dohani ziliwekwa kwenye kuta za ndani ili kuta za nje zibebe vioo vingi bila kudhoofika. Bess hakuwa mtu wa kujificha: herufi zake ES, za jina Elizabeth Shrewsbury, zimechongwa juu ya minara. Majumba ya karne ya 18 kwa kawaida hufanya vingine. Madirisha marefu zaidi yako ghorofa ya kwanza, na ya juu yake hupungua kimo.

SWALI: Ukuta wa tofali wa karne ya 18 ulijazwa saruji kwenye viungo. Sasa nyuso za matofali zinabanduka. Tatizo ni nini?

JIBU: Ni saruji hiyo. Tofali la zamani ni laini na hunywa maji ya mvua. Kiungo cha chokaa huyaachia maji yatoke. Saruji huyafungia, nayo hulazimika kutokea kwenye uso wa tofali. Baridi kali ikija, maji huganda, hutanuka na kuubandua.

Chimbua viungo kwa patasi nyembamba na nyundo, kina kisichopungua mara mbili ya upana wa kiungo. Grenda iache, hukata kingo za matofali. Safisha vumbi, lowesha ukuta, kisha jaza kwa chokaa sehemu 1 na mchanga wa chembe kali sehemu 2.5 hadi 3, ukisindilia mpaka ndani. Ikianza kukaza, igonge kwa brashi ngumu. Funika kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa, kwani chokaa ikikauka haraka hugeuka unga. Usifanye kazi hii joto likiwa chini ya nyuzi 5.

Kama jengo limeorodheshwa kisheria Uingereza kuwa la kihistoria, liwe daraja la I, II* au II, zungumza kwanza na afisa uhifadhi wa halmashauri. Kuligeuza sura bila kibali ni kosa la jinai. Na pale saruji iliposhika kiasi kwamba ikitoka inang'oka na ukingo wa tofali, iache ilivyo.