Ukiwa na siku moja Hanoi, nenda Bút Tháp

Dada mmoja msomaji ameniandikia. Ana safari ya kikazi Hanoi, amebakiwa na siku moja ya mapumziko, na wenzake wanamshawishi apande basi la watalii linalozungusha watu mahekalu manne kwa siku. Anauliza pia kama Mwislamu anaruhusiwa kuingia humo.

Dada yangu, achana na hilo basi. Nililipanda. Nililipa kwa dola, tukaganda dukani kwa vinyago ambako mwongozaji alikuwa na lake jambo, halafu hekaluni tukaambiwa tupige picha haraka, dereva anasubiri. Hadi leo roho inaniuma.

Kesho yake nikakodi pikipiki na dereva wake hadi Bút Tháp, hekalu la Kibudha mkoa wa Bắc Ninh, kama kilomita 30 kutoka mjini. Hekalu liko kijijini, kando ya tuta la mto Đuống, mashamba ya mpunga yamelizunguka. Hapakuwa na foleni wala wa kunihimiza.

Ndani kuna sanamu ya Quan Âm, mtakatifu wa Kibudha mwenye huruma, iliyochongwa kwa mti na fundi aitwaye Trương mwaka 1656. Mikono mikubwa ni 42. Nyuma yake mikono midogo, mamia kwa mamia, imepangwa duara kama mkia wa tausi. Sogea karibu utazame viganja: kila kimoja kina jicho. Chini, joka limeibuka mawimbini likabeba kiti cha yungiyungi. Nilikaa hapo hadi miguu ikafa ganzi, na najivunia kusema hakuna aliyenionyesha kitu. Niliyaona mwenyewe kwa sababu nilitulia. Watu wa lile basi hawatayaona kamwe.

Kuhusu dini: unaingia kama mgeni. Funika mabega na magoti, vua viatu wanapovua wenyeji, ingia kwa mlango wa pembeni, na kizingiti kile kirefu ukivuke, usikikanyage. Hulazimiki kuinama wala kuwasha udi. Bibi aliyekuwa akifagia aliniona nimesimama tu, akanivutia kigoda. Adabu inaeleweka popote, na sisi tuliolelewa kubisha hodi hatuna kisingizio cha kuingia nyumba ya ibada ya mtu tukipiga kelele na simu juu.

Usiondoke kabla ya kupita nyuma, kwenye daraja fupi la mawe lililochongwa wanyama kingoni. Linakupeleka kwenye mnara wa mbao wa ngazi tisa, uliojengwa uweze kuzungushwa.

Muda ukibaki, mwambie dereva akupitishe hekalu la Dâu, kilomita chache tu, linalohesabiwa kuwa kongwe kuliko yote Vietnam. Uani pana mnara wa matofali, na chini yake kondoo wa jiwe. Bei ya kwenda, kusubiri na kurudi mpatane kabla hamjatoka Hanoi.