Nina laki moja tu: nitampigaje mdudu picha ya karibu?

Swali: Kaka, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa baiolojia sekondari, huku Mbagala. Shemeji yangu ameniachia Canon 600D na lenzi yake ile ya 18-55. Nataka kuwapigia wanafunzi picha za wadudu wa pale pale shuleni, waone macho, taya na vinyweleo vya miguu. Shida ni kwamba nikimsogelea mdudu kamera inagoma kulenga, nikirudi nyuma mdudu anakuwa nukta. Muuzaji mmoja ameniambia bila lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100 nisijisumbue, na bei aliyonitajia inapita mshahara wangu. Nina laki moja. Nifanyeje? Na je, kuna namna wanafunzi wenyewe wakajaribu?

Jibu: Mwalimu, hiyo lenzi ya milimita 100 ni nzuri, sibishi. Ila hayo ya kutojisumbua ni maneno ya mtu mwenye mzigo wa kuuza. Laki yako inatosha, na huenda nauli ya kurudi Mbagala ikabaki.

Kwanza, kwa nini kamera inagoma. Kila lenzi ina umbali ambao ukiupita haioni tena. Hiyo yako ni kama sentimeta 25, ukipima kutoka kwenye sensa (kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha) na si kutoka kwenye kioo cha mbele. Ukifika hapo, kitu kinachorwa kwenye sensa kwa theluthi moja tu ya ukubwa wake. Sensa ya 600D ina upana wa milimita 22.3. Nyuki wa sentimeta moja atachukua milimita tatu na kidogo, yaani hata sehemu moja ya sita ya picha hafikishi. Ndiyo nukta unayoiona.

Dawa ni kuisogeza lenzi mbali na sensa. Kuna mirija midogo inayokaa kati ya kamera na lenzi. Dukani ulizia "makro tyubu za Canon". Huja mitatu kwa pamoja, seti nyingi ni milimita 13, 21 na 31, na unaweza kuifunga mmoja mmoja au yote. Ndani hamna kioo, ni hewa tupu, na hewa ya mrija wa bei nafuu haina tofauti na ya mrija wa bei mbaya. Tofauti iko kwenye pini. Kuna mirija isiyo na pini za umeme, hiyo ndiyo rahisi kabisa, lakini kamera haitaweza kuiamuru lenzi ifunge tundu lake (lile linalopitisha mwanga, likibanwa sehemu kubwa zaidi inaonekana vizuri), na utakachopata ni jicho moja la mdudu likionekana na mwili wote ukungu. Chukua yenye pini. Shingo ikiwa ya plastiki usiogope, lenzi yako ni nyepesi.

Hesabu yake utaipenda: urefu wa mirija gawanya kwa milimita za lenzi, unapata ukuzaji ulioongezeka. Mirija yote mitatu ni 65. Lenzi ikiwa kwenye 55 unapata karibu 1.2. Yule nyuki sasa anachukua zaidi ya nusu ya picha. Ila usirudishe lenzi kwenye 18 mirija ikiwa imefungwa, maana sehemu ya kulenga itaangukia ndani ya kioo chenyewe na hutaona kitu.

Kama laki imepata dharura nyingine (na laki za walimu nazijua), kuna njia ya chini zaidi: ringi ya kugeuzia lenzi. Unaifunga mbele ya lenzi, kisha unaipachika lenzi kinyumenyume. Yako inataka ringi ya milimita 58. Namba utaiona kwenye ukingo wa mbele wa lenzi au mgongoni mwa kifuniko chake, pembeni ya alama ya duara lenye mkato. Mimi ya kwanza niliagiza kwa macho, ikaja ya 52, nikaifunga kwa selotepu wiki nzima hadi lenzi iliponidondokea kwenye mchanga. Soma namba. Lenzi ikigeuzwa mambo nayo yanageuka: 18 ndiyo inakuza sana, 55 inakuza kidogo. Tundu utalifunga kwa ujanja. Kabla ya kuigeuza, weka kamera kwenye Av (hapo wewe ndiye unayechagua tundu), chagua f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), bonyeza na kushikilia kile kitufe kidogo pembeni ya shingo ya lenzi, na huku umekishikilia, chomoa lenzi. Tundu litabaki lilivyo. Ubaya wake, makalio ya lenzi yanatazama nje, na vumbi la Dar halina huruma.

Vile vioo vya kukuzia vya kufunga mbele ya lenzi, vinavyouzwa kwa seti ya +1, +2, +4 na +10, sivipendi. Ile +10 ya bei rahisi inaacha utepe wa zambarau kwenye kila ukingo.

Sasa niseme kinachowaangusha wengi, nacho ni mwanga. Ukikuza kitu hadi ukubwa wake halisi, f/11 yako inafanya kazi kama f/22. Giza linaingia hata saa sita mchana. Ukifungua tundu upate mwanga, sehemu inayoonekana vizuri inakuwa nyembamba mno: kwa f/8, katika ukubwa halisi, haifiki hata milimita moja. Kwa hiyo fleshi si anasa hapa. Ile ya juu ya kamera yako inatosha, tatizo ni kwamba lenzi iliyorefushwa kwa mirija inatupa kivuli chake juu ya mdudu. Tafuta boksi la juisi la lita moja, lile ambalo ndani linang'aa kama fedha. Lioshe, likate pande mbili liwe handaki, upande mmoja uvae fleshi, upande wa pili ufike juu ya mdomo wa lenzi, uuzibe kwa karatasi nyeupe ya A4. Mwanga unasafiri ndani ya boksi na kutua laini, na mgongo wa mende hauwi kioo cha kujitazamia. Kamera iweke M (unapanga yote mwenyewe), shata, yaani muda wa kupokea mwanga, 1/200 ya sekunde, f/8 au f/11, ISO, yaani wepesi wa sensa kuona mwanga, 200, kisha punguza au ongeza nguvu ya fleshi.

Kulenga kwa mashine, yaani kamera kujilengea yenyewe, kuzime. Weka ukuzaji unaoutaka, halafu sogea mwili wako wote mbele na nyuma kwa kiasi cha punje ya mchele, ukibonyeza jicho linapong'aa. Kati ya picha ishirini ukipata mbili, umefanya vizuri. Ua likichezeshwa na upepo wa kusi, libane kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti.

Nenda alfajiri, kati ya saa kumi na mbili na saa moja. Wadudu miili yao inasubiri joto la jua, na kabla halijawafikia hawana haraka. Kama hapo shuleni kuna mwembe, anza na maji moto, wale chungu wakali wanaojenga viota kwa majani. Tafuta kiota kinachojengwa, majani yakiwa bado yanavutwa. Utaona mstari wa chungu wameng'ang'ania ukingo wa jani, na nyuma yao mmoja amebeba buu mdomoni, anampeleka huku na huku kati ya majani mawili. Yule buu ndiye anayetoa uzi. Mkubwa hana uzi, anamtumia mtoto kama bomba la gundi. Kwa macho matupu unaona chungu wanahangaika tu. Kwenye picha uzi mweupe unaonekana. Chomekea suruali kwenye soksi. Mimi sikufanya hivyo, na picha zangu za siku ile zinaishia ya nne.

Ukirudi, kamera na mirija ziweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Hewa ya pwani inaotesha kuvu ndani ya lenzi.

Wanafunzi je? Simu moja, yako, na lenzi ya deki mbovu ya DVD. Fundi redio yeyote atakutolea kile kitone cha kioo kilichokuwa kinasoma sahani, pengine bure. Kibandike kwa selotepu iliyotobolewa katikati, juu kabisa ya kamera ya simu, ujaribu pande zote mbili, upande mmoja utaona bora kuliko mwingine. Umbali wa kulenga ni milimita chache tu, kwa hiyo aliye hai atakimbia. Anza na bawa la kumbikumbi lililookotwa, juu ya karatasi nyeupe, dirishani.