Kwa wasaidizi wa kisheria wapya: someni jalada kabla ya ibara

Majuzi, kwenye mkutano wa elimu ya uraia pale Igombe, nilimsikia mmoja wenu akiwahakikishia wachuuzi wa dagaa kwamba Katiba mpya ilishaanza kutumika. Nawapenda, wadogo zangu, lakini kosa hili kila kundi jipya hulirudia.

1. Jueni mmeshika andiko lipi. Rasimu ya Pili, iliyowasilishwa na Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Joseph Warioba mwezi Desemba 2013, ilipendekeza serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Bunge Maalum la mwaka 2014 mjini Dodoma likazirudisha kuwa mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, likapitisha Katiba Inayopendekezwa. Hayo niliyajua, na bado niliumbuka. Kwenye mwalo mmoja wa Ukerewe nilichukua muhtasari wangu wa zamani, nikaeleza kwa madaha serikali tatu za Katiba Inayopendekezwa, mpaka mzee aliyekuwa akishona nyavu akatoa nakala yake kwenye mfuko wa rambo na kuniomba kwa upole, "Mwanangu, hebu nionyeshe hiyo ya tatu iko ukurasa gani." Badala ya kukiri, nikapekua kurasa nikijifanya natafuta, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi, kwani hata waliokwisha kuniamini kuhusu mirathi walianza kuulizana kama na hayo nayo niliyabuni.

2. Theluthi mbili ya kura za Bunge Maalum, iliyohitajika kuipitisha Katiba Inayopendekezwa, ilihesabiwa mara mbili: wajumbe wa Tanzania Bara peke yao, na wa Zanzibar peke yao.

3. Kupitishwa si kuanza kutumika. Ilihitajika kura ya maoni, na zaidi ya nusu ya kura halali kila upande, lakini ile iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura kwa BVR (mashine za kuchukua alama za vidole na picha) ulikuwa haujakamilika. Kwa hiyo msiseme wananchi waliikataa. Waliokataa rasimu ni Wakenya mwaka 2005, kabla ya kuikubali nyingine mwezi Agosti 2010, na wavuvi wanaouza sangara ng'ambo watawauliza habari hiyo.

4. Inayotumika ni Katiba ya 1977, ambayo yenyewe haikupigiwa kura ya maoni na hubadilishwa bungeni kwa ibara ya 98. Bebeni nakala yenye marekebisho, si ile kuukuu ya kabatini, iliyochapwa kabla ya haki za binadamu kuingizwa mwaka 1984.