Kuachia Zamu Si Kusimama

Swali: Ninaandika kiigaji cha mashine za x86 chenye vichakataji pepe vinne vinavyopokezana zamu katika uzi mmoja (mfululizo mmoja wa utekelezaji). Vinapogombea kufuli (neno la kumbukumbu linaloruhusu kichakataji kimoja tu kwa wakati), mfumo mgeni, yaani mfumo endeshi ulio ndani ya kiigaji, huwa mzito kupita kiasi. Nilijaribu kukisimamisha kila kichakataji kinachotekeleza PAUSE, agizo la kuashiria kwamba kinazunguka kikisubiri, hadi kipate katizo (ishara ya kukishtua, kama ya saa), lakini sasa mfumo huganda. Nimeshauriwa niweke usleep, wito wa kuulaza uzi kwa muda mfupi, badala yake. Je, ni sahihi?

Jibu: Si sahihi. Uzi wako ni mmoja, kwa hiyo ukiulaza umevilaza vichakataji vyote vinne, kikiwemo kile kinachoshikilia kufuli ambacho vingine vitatu vinakisubiri.

Kinachonisikitisha zaidi, hata hivyo, ni hilo ulilojaribu kwanza, kwa sababu nakutana nalo kila mara: dhana kwamba kuachia zamu ni namna nyepesi ya kusimama. Kichakataji kinachotekeleza HLT, agizo la kusimama, kimetamka kwamba hakina kazi mpaka kikatizwe. Kinachotekeleza PAUSE kina kazi, ila kwa sasa hakiwezi kuiendeleza. Hebu fuatilia jinsi mfumo wako unavyoganda. Kichakataji cha 2 kimezima makatizo, kama kerneli zifanyavyo mara nyingi kabla ya kuchukua kufuli, kisha kinazunguka kikisoma neno moja la kumbukumbu. Wewe unakisimamisha. Kichakataji cha 0 kinafungua kufuli kwa kuandika sifuri katika neno lile lile, na kuandika kwenye kumbukumbu hakupeleki katizo popote; hata saa ikipiga, kichakataji cha 2 kimekwisha kuziba masikio. Hakuna wa kukiamsha. Tena PAUSE yenyewe ni baiti F3 90, ambazo vichakataji vya kabla ya Pentium 4 huzitekeleza kama NOP (agizo lisilofanya lolote), kwa hiyo programu iliyoandikwa vizuri haitegemei kusimamishwa hapo hata kidogo.

Kiigaji cha QEMU huyatenganisha mambo haya mawili kwa misimbo miwili, EXCP_YIELD (kuachia zamu) na EXCP_HLT (kusimama), nawe fanya hivyo. Kielekezi cha maagizo kiwe kimeivuka PAUSE kabla hujatoka katika kitanzi cha utekelezaji, la sivyo kichakataji kitarudi pale pale na kuachia zamu tena bila kikomo. Alama ya kusimama usiiguse. Kisha zamu iende kwa kichakataji kinachofuata katika mzunguko, wala si kwa cha kwanza katika orodha, maana ukianza upya kila mara, cha 0 na cha 1 vitapokezana wao kwa wao huku cha 3 chenye kufuli kikikosa zamu kabisa. Faida yake si ndogo: katika hali hii ya uzi mmoja, zamu ya QEMU hufika milisekunde 100, hivyo vichakataji vitatu vinavyozunguka bure vinaweza kuteketeza milisekunde 300 kabla mwenye kufuli hajafikiwa.

Siku utakapohamia kwenye nyuzi nyingi, utaletewa dawa nyingine ya haraka, yaani sched_yield, wito wa kuuomba mfumo endeshi uwape nyuzi nyingine zamu. Wito huo haujui nani ana kufuli, na kama hakuna uzi mwingine unaosubiri kwenye kichakataji hicho cha mashine mwenyeji, hurejea papo hapo. Ukiachia zamu huku umeshika kufuli kuu la kiigaji, unawazuia hata wale uliotaka kuwapisha. Wabunifu wa mashine pepe za POWER (vichakataji vya IBM) hawakuchukua njia ya mkato: kwa wito wa H_CONFER mfumo mgeni hukitaja kichakataji unachotaka kukipa zamu, pamoja na hesabu ambayo ikiwa witiri inaonyesha kwamba hakiko kazini, na kusimama kumewekewa wito wake, H_CEDE, wenye alama inayozuia mwamsho uliotangulia usipotee.

Kwa hiyo anayekuambia kwamba usleep ilimfaa, mwulize kwanza alijaribu kwa vichakataji pepe vingapi, na kama makatizo yalikuwa yamezimwa. Wengi walijaribu kwa kimoja, ambacho hakina wa kugombea naye kufuli.